Pikipiki iliyotumika inayosumbua kwenye sailensi: kurekebisha, kusafisha kabureta, kuikarabati au kununua nyingine?

Pikipiki iliyokwisha kutumika inaweza kwenda vizuri kabisa barabarani, mshiko wa mafuta ukiwa umevutwa nusu, kisha ikaanza kusumbua mara tu mwendeshaji anapoachia mafuta. Sailensi, yaani mzunguko wa injini mshiko wa mafuta ukiwa umeachiwa, hupanda na kushuka bila kuguswa, injini humisi, hukohoa au huzima kwenye makutano, na wakati wa kuondoka kuna kusita kabla nguvu haijashika. Mwenye pikipiki akiuliza afanye nini, hupewa majibu manne yanayopingana: arekebishe skrubu na kubadilisha plagi, afungue kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na kuisafisha, aikarabati kabureta nzima kwa vipuri vipya, au aitupe na kununua nyingine. Kila jibu ni sahihi kwa pikipiki fulani na ni upotevu wa fedha kwa pikipiki nyingine, na ndiyo maana nimeona inafaa njia hizo nne zipimwe kwa vigezo vilevile kabla mtu hajashika bisibisi wala kufungua pochi. Ulinganisho huu unahusu pikipiki za kabureta, hasa za silinda moja. Za injekta, ambazo hupuliza mafuta bila kabureta, zimepewa nafasi fupi baadaye.

Kwa nini kasoro hukaa chini tu

Kabureta haitumii njia moja ya mafuta kwa mwendo wote. Kuanzia sailensi hadi takriban robo ya kwanza ya mvuto wa mshiko, mafuta hupitia zaidi jeti ndogo, jeti ikiwa ni kipande cha shaba chenye tundu la kupimia mafuta. Kuanzia robo hadi robo tatu, kipimo hutolewa na sindano inayopanda pamoja na slaidi, kizuizi kinachoinuka kuruhusu hewa zaidi. Na juu ya hapo jeti kubwa ndiyo inayoamua. Mipaka hiyo huingiliana, lakini inatosha kueleza kwa nini pikipiki inaweza kuwa mgonjwa chini na mzima juu. Tundu la jeti ndogo katika pikipiki nyingi za silinda moja halifiki nusu milimita, ilhali la jeti kubwa hukaribia milimita moja au kuizidi. Petroli iliyokaa miezi ndani ya bakuli la kabureta hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utando wa gundi wenye rangi ya kahawia, na utando ambao jeti kubwa hauitikisi unatosha kuziba jeti ndogo. Pikipiki iliyokuwa imeegeshwa muda mrefu ikisubiri mnunuzi ndiyo hasa inayopatwa na jambo hili.

Hata hivyo, si kila ukorofi wa sailensi unatoka kwenye jeti. Injini inapozunguka polepole huvuta hewa kidogo sana, hivyo ufa mdogo kwenye mpira wa manifoldi (unaounganisha kabureta na injini), ambao kwenye mwendo wa kasi haungeonekana, huingiza hewa ya ziada inayoathiri sana mchanganyiko wa mafuta na hewa. Vali iliyobana hutoa athari ya namna hiyohiyo: kwenye mzunguko wa chini kila mpigo wa kugandamiza huchukua muda mrefu zaidi, na gesi hupata nafasi ya kuvuja kabla ya cheche kupiga. Plagi iliyochakaa, chujio la hewa lililojaa vumbi na choki (kifaa cha kuongeza mafuta injini ikiwa baridi) isiyofunga sawasawa nazo hujitokeza hapohapo chini. Anayenunua kabureta mpya ili kutibu vali iliyobana atakuwa na kabureta mpya na sailensi ileile.

Vigezo vya kulinganisha

Njia zote nne zimepimwa kwa mambo matano. La kwanza ni kile ambacho njia husika hutibu kweli, pamoja na kile isichoweza kukigusa. La pili ni vifaa na ustadi unaohitajika. La tatu ni muda na gharama. Hapa gharama inalinganishwa kati ya njia na njia, kwa kuwa bei hutegemea aina ya pikipiki. La nne ni hatari, yaani uwezekano wa kuiacha pikipiki katika hali mbaya kuliko ulivyoikuta, na kama kosa likifanyika linaweza kurudishwa nyuma. La tano ni aina ya mtu na aina ya pikipiki inayofaa. Kwangu mimi kigezo cha nne kina uzito kuliko watu wengi wanavyokipa, kwa sababu kabureta nyingi za zamani zimeharibiwa na watu waliojaribu kuzitengeneza, si na uchakavu.

Kwanza, kipimo cha choki

Kabla ya kuchagua njia yoyote, kuna kipimo kisichogharimu kitu. Acha injini ipate joto lake la kawaida, kisha, ikiwa inasumbua kwenye sailensi, fungua choki, yaani iweke kazini, kidogo kidogo. Iwapo injini inatulia na kuimarika, mchanganyiko ulikuwa na mafuta machache mno kulingana na hewa: jeti ndogo imeziba, au kuna hewa inayoingia pasipostahili. Iwapo inazidi kukosa nguvu na kutoa moshi mweusi au harufu kali ya petroli, mafuta yalikuwa tayari mengi: tazama chujio la hewa, choki isiyorudi mahali pake, au boya la ndani ya bakuli linaloruhusu kiwango cha mafuta kupanda. Iwapo hakuna tofauti ya maana, elekeza macho kwenye plagi, waya wake, vali na mgandamizo.

Dalili nyingine mbili husaidia. Sailensi inayopanda injini ikipata moto na kuchelewa kushuka baada ya kuachia mafuta huashiria mchanganyiko mwepesi, yaani wenye mafuta machache, na mara nyingi hewa inayovuja. Milipuko midogo kwenye ekzosi unapoachia mafuta ukiteremka mlima huelekeza hukohuko, ingawa gasketi ya ekzosi iliyotoboka nayo huileta. Angalia pia skrubu ya sailensi yenyewe. Ikiwa imekazwa ndani sana kuliko kawaida, kuna uwezekano mkubwa kwamba mmiliki aliyetangulia aliipandisha ili kuficha kasoro, na injini sasa inajilisha kupitia matundu madogo ya pembeni ambayo hayakukusudiwa kufanya kazi wakati huo. Kwa sababu hiyohiyo pikipiki ikaguliwe ikiwa ya baridi: injini iliyokwisha kupashwa moto kabla ya mnunuzi kufika huficha mengi.

Njia ya kwanza: marekebisho bila kufungua kabureta

*Kinachotibiwa.* Njia hii hushughulikia kila kitu kinachoizunguka kabureta: kumwaga petroli ya zamani kwenye tangi na bakuli, kusafisha au kubadilisha chujio la hewa, kuangalia plagi, kupima tapeti (nafasi ya vali), kutafuta hewa inayovuja, kulegeza waya wa mafuta uliobana, na mwisho kabisa kurekebisha skrubu ya mchanganyiko na ya sailensi. Watu wengi huanza na skrubu, na hapo ndipo wanapopotea, kwa kuwa kurekebisha mchanganyiko ilhali vali imebana au mpira una ufa ni kuizoesha kabureta kasoro ya mahali pengine.

Tapeti zinastahili neno la ziada. Kadiri vali inavyojichimbia kwenye kitako chake, nafasi kati yake na kisukumio hupungua, na vali iliyobana haigongi. Iliyolegea ndiyo yenye kelele, na kwa hiyo ndiyo inayosikilizwa. Katika injini nyingi ndogo nafasi inayotakiwa huwa kati ya milimita 0.05 na 0.15, hupimwa injini ikiwa baridi na pistoni ikiwa juu kabisa mwishoni mwa mpigo wa kugandamiza, na tarakimu ya kufuata ni ile ya kitabu cha pikipiki yenyewe. Pikipiki inayowaka vizuri asubuhi na kuanza kuzima ikiwa na joto ina sababu nzuri ya kufunguliwa kifuniko cha tapeti kabla ya kabureta kuguswa.

Skrubu ya mchanganyiko nayo ni chombo cha uchunguzi kuliko watu wanavyoidhani. Iliyo upande wa injini kwa kawaida hudhibiti mafuta, na kuifungua huongeza mafuta. Iliyo upande wa chujio kwa kawaida hudhibiti hewa, na kuifungua hupunguza mafuta. Injini ikiwa na joto, izungushe polepole, robo ya mzunguko kwa wakati, ukisubiri kidogo baada ya kila hatua, hadi upate mahali ambapo mzunguko ni wa juu na umetulia. Kisha shusha skrubu ya sailensi hadi kiwango cha kitabu, ambacho kwa pikipiki nyingi ndogo huwa karibu na mizunguko 1,400 kwa dakika. Ukiizungusha huku na huku na injini isibadilike hata kidogo, njia ya mafuta ya mwendo wa chini imeziba au injini inapata mafuta kupitia mahali pengine, na njia hii ya kwanza imefika mwisho wake.

*Vifaa na ustadi.* Bisibisi, spana ya plagi, fila geji (vibamba vya kupimia nafasi ya vali) na chupa ya kunyunyizia maji vinatosha. Hewa inayovuja hutafutwa kwa kunyunyizia maji kidogo kuzunguka mpira wa manifoldi injini ikiwa kwenye sailensi: mzunguko ukibadilika, umepata ufa. Wengine hutumia dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hiyo, nayo huonyesha kwa uwazi zaidi, lakini inawaka moto, na kuinyunyizia karibu na ekzosi yenye joto ni hatari isiyo ya lazima.

*Muda na gharama.* Ni kazi ya saa chache, na ndiyo njia nafuu kuliko zote. Plagi na chujio ni vitu ambavyo pikipiki iliyotumika inavihitaji hata isingekuwa na kasoro.

*Hatari.* Ndogo, mradi uhesabu mizunguko ya skrubu kabla ya kuibadilisha na kuiandika mahali. Kuna pikipiki ambazo skrubu ya mchanganyiko imezibwa kiwandani kwa kifuniko cha shaba kwa ajili ya kanuni za moshi. Kukiondoa kunaweza kuwa kinyume cha sheria mahali pikipiki inapotumika.

*Anayefaa.* Kila mwenye pikipiki mpya kwake, kama hatua ya kwanza. Inamfaa hasa yule ambaye kipimo cha choki hakikumwonyesha tofauti, na yule ambaye pikipiki yake ilikuwa ikitumika kila siku hadi siku ya kuuzwa, kwa kuwa kabureta inayopitisha mafuta mapya kila siku haizibi kwa urahisi.

Njia ya pili: kufungua kabureta na kuisafisha kwa mkono

*Kinachotibiwa.* Utando wa petroli ya zamani, uchafu wa tangi, maji yaliyotulia chini ya bakuli, na chumvi ya kijani au nyeupe inayoota kwenye shaba na kwenye mwili wa kabureta. Petroli iliyochanganywa na ethanoli hunyonya unyevu, hivyo maji na kutu ndani ya bakuli si jambo la kushangaza katika pikipiki iliyoegeshwa. Njia hii haitibu mpira uliokakamaa, ekseli ya kilango cha hewa iliyolika wala sindano ya boya (inayofunga mafuta bakuli likijaa) iliyochakaa. Inachofanya ni kurudisha matundu katika upana wake wa awali.

Ubora wa kazi hii unategemea jeti ndogo kuliko kitu kingine chochote. Ukiitoa na kuielekeza kwenye mwanga, unapaswa kuona duara kamili, jembamba na safi. Tundu lenye kingo zenye vinyweleo, au mwanga unaopita kwa upande mmoja tu, ni tundu ambalo bado halijasafishika, hata kama dawa imepita. Jeti hutengenezwa kwa shaba laini, na waya wa chuma unaosukumwa ndani kwa nguvu huipanua kwa kiasi ambacho jicho halioni lakini injini inakihisi. Unywele mmoja wa brashi ya nailoni, kuloweka kwenye dawa na hewa ya kompresa hufanya kazi hiyo bila madhara. Baada ya jeti, safisha njia inayotoka kwenye kikao chake hadi kwenye yale matundu madogo yaliyo karibu na kilango. Nyunyizia dawa kwenye kikao cha jeti na uhakikishe inatoka kwenye kila tundu. Kusafisha jeti na kuiacha njia yake ndiyo sababu kubwa ya watu kusema kwamba wamesafisha na haikusaidia.

Skrubu ya mchanganyiko nayo lazima itoke. Ikaze ndani taratibu hadi iguse tu, huku ukihesabu mizunguko, kisha ifungue yote. Mara nyingi nyuma yake kuna springi, washa ndogo na oringi kwa mpangilio huohuo, na oringi hupenda kubaki imenasa ndani ya tundu. Anayerudisha oringi mpya juu ya ile iliyobaki, au anayeisahau kabisa, huingiza hewa mahali palepale alipokuwa akijaribu kuiziba. Angalia pia ncha ya skrubu: ikiwa na pete iliyochimbika, kuna mtu aliyewahi kuikaza kwa nguvu, na kikao chake kinaweza kuwa kimepanuka.

*Vifaa na ustadi.* Bisibisi zinazokaa barabara kwenye vichwa vya skrubu, dawa ya kusafishia kabureta, miwani ya kulinda macho, na hewa yenye msukumo. Ustadi unaotakiwa ni wa kati: uvumilivu, mahali safi pa kuweka vipande, na picha zilizopigwa kila hatua. Mipira yote na kiwambo cha slaidi, kama kipo, vitolewe kabla ya dawa kumwagwa, kwa kuwa dawa kali huivimbisha mpira na kuuharibu.

*Muda na gharama.* Nusu siku kwa anayefanya mara ya kwanza, na gharama yake haizidi sana ile ya njia ya kwanza, hasa ikiwa gasketi ya bakuli imetoka nzima.

*Hatari.* Ya wastani. Skrubu za bakuli huchakaa vichwa, nguzo za boya huvunjika zikipigwa, na jeti iliyoganda hukatika ikilazimishwa kwa bisibisi nyembamba. Skrubu iliyoganda ilowekwe kwa mafuta ya kupenya na kupashwa joto la wastani mbali na petroli, wala isishindaniwe.

*Anayefaa.* Mwenye pikipiki iliyokaa muda mrefu bila kutumika, inayotulia choki ikifunguliwa, na ambayo manifoldi yake imethibitika haina ufa. Huyo nina hakika kwamba njia hii itamtosha mara nyingi kuliko njia nyingine zote.

Njia ya tatu: ukarabati kamili kwa vipuri vipya

*Kinachotibiwa.* Hapa kabureta inavuliwa kila kitu, inasafishwa, mara nyingi kwenye beseni la mawimbi ya sauti, na kurudishwa ikiwa na gasketi, oringi, sindano ya boya na pengine jeti mpya. Njia hii hufika mahali ambapo mkono haufiki: njia zilizochimbwa ndani ya mwili wa kabureta na kuzibwa kwa vifuniko kiwandani, ambazo dawa ya kunyunyizia hupita juu juu tu. Hutibu pia kabureta inayofurika, kwa kuwa sindano ya boya yenye pete iliyochimbika kwenye ncha haifungi hata ikisafishwa namna gani, na kiwango cha mafuta kinachopanda ndani ya bakuli huzidisha mafuta kwenye sailensi.

*Vifaa na ustadi.* Kimo cha boya lazima kipimwe na kufuata kitabu, na milimita moja inatosha kubadilisha tabia ya injini. Seti za vipuri zinahitaji jicho kali. Jeti za kwenye seti za bei nafuu wakati mwingine huandikwa namba moja na kuchimbwa upana mwingine, na wakati mwingine seti moja huuzwa kwa aina kadhaa za kabureta zisizofanana. Ushauri wangu ni kubadilisha mipira na gasketi zote bila kusita, lakini kuzirudisha jeti za kiwandani ikiwa matundu yake ni mazima, na kuzinunua mpya, za mtengenezaji wa kabureta, pale tu zinapokuwa zimelika au zimechokonolewa. Linganisha namba iliyochongwa kwenye jeti na ile ya kitabu: mmiliki aliyetangulia anaweza kuwa alibadilisha ekzosi au chujio, akaongeza ukubwa wa jeti, kisha akauza pikipiki ikiwa imerudishiwa ekzosi ya zamani na jeti kubaki zilezile.

*Muda na gharama.* Gharama ni ya kati ikiwa kazi unaifanya mwenyewe, na hupanda ikifanywa na fundi; kazi yenyewe inaweza kungoja siku kadhaa hadi vipuri vifike. Pikipiki ya silinda nyingi yenye kabureta zaidi ya moja huongeza hatua ya kuzisawazisha kwa geji za mvuto wa hewa, na kuiruka hatua hiyo ni kubadilisha ukorofi mmoja kwa mwingine.

*Hatari.* Beseni la mawimbi halina uchawi. Maji yenye dawa kali ya alikali, au kabureta kuachwa ndani kupita kiasi, huifanya metali kuwa nyeusi na kuila, na uchafu uliolegezwa usipopulizwa nje kwa hewa hutulia upya kwenye tundu lilelile.

*Anayefaa.* Mwenye kabureta ya kiwandani iliyo nzima kimwili lakini yenye mipira iliyokauka, inayovuja au kufurika, au iliyokwisha kusafishwa kwa mkono vizuri na bado njia ya mwendo wa chini haipitishi. Inamfaa pia mwenye pikipiki ya zamani ambayo kabureta yake haipatikani tena ikiwa mpya.

Njia ya nne: kununua kabureta nyingine

*Kinachotibiwa.* Uchakavu wa mwili wenyewe, ambao njia tatu zilizotangulia hazina dawa yake: ekseli ya kilango inayotikisika ndani ya kikao chake na kuvuta hewa pembeni, slaidi iliyolika hadi inagongana na kuta, nyuzi za skrubu zilizokufa, kutu iliyokula njia za ndani, au kikao cha skrubu ya mchanganyiko kilichopanuliwa. Shika ekseli ya kilango na kuitikisa. Mchezo unaoonekana kwa jicho, pamoja na sailensi inayobadilika unapoinyunyizia maji mahali hapo, ni ushahidi wa kutosha.

*Vifaa na ustadi.* Kufunga ni rahisi kuliko ukarabati. Kuchagua ndiko kugumu. Upana wa koo, umbali wa matundu ya kufungia, aina ya choki, upande wa waya wa mafuta na namba za jeti vyote vinapaswa kulingana na pikipiki. Koo kubwa zaidi halileti sailensi bora. Hewa hupita polepole ndani yake na mvuto wa mafuta hudhoofika palepale chini unapotaka uimarike.

*Muda na gharama.* Ya mtengenezaji halisi kwa kawaida ndiyo njia ghali kuliko zote. Nakala ya bei nafuu inaweza kugharimu kidogo kuliko ukarabati wa fundi, na hapo ndipo kishawishi kinapotoka.

*Hatari.* Kabureta ya nakala huja na jeti ambazo hazikupangwa kwa injini yako, na mara nyingi huhitaji siku za kurekebisha ambazo mnunuzi alidhani amezinunua pamoja nayo. Isitoshe, ikibadilika tabia, hujui tena kama ni kasoro ya awali au ya kifaa kipya. Habari njema ni kwamba njia hii hurudi nyuma kwa urahisi, mradi kabureta ya zamani ihifadhiwe ikiwa kamili, pamoja na jeti zake.

*Anayefaa.* Mwenye kabureta iliyothibitika kuchakaa kimwili, na mwenye pikipiki ya kazi ambaye kila siku ya kusimama ni hasara na ambaye anaweza kupata kabureta yenye vipimo vilevile vya kiwandani.

Pikipiki za injekta

Hizi hazina jeti ndogo, na ushauri wa skrubu ya mchanganyiko hauzihusu. Sailensi yao husumbuliwa zaidi na masizi kwenye kilango cha hewa na kwenye njia ya hewa ya sailensi, injekta chafu, hewa inayovuja, vali zilizobana na betri dhaifu. Anza kwa kusoma taa ya hitilafu, kisha safisha kilango kwa dawa iliyokusudiwa kazi hiyo bila kukilazimisha kwa mkono. Baadhi ya miundo huhitaji mfumo ujifunze upya sailensi baada ya kusafishwa, na utaratibu wake umo kwenye kitabu.

Uchague kulingana na hali

Ikiwa pikipiki ilikuwa ikitumika kila siku na kasoro imeanza polepole, baki kwenye njia ya kwanza hadi uimalize yote, tapeti zikiwamo. Usiifungue kabureta kwa kuwa tu ndiyo iliyo karibu na mkono.

Ikiwa ilikaa miezi bila kuwashwa na hutulia choki ikifunguliwa, nenda moja kwa moja kwenye njia ya pili baada ya kupima manifoldi, na umwage petroli ya tangi siku hiyohiyo. Kabureta safi iliyounganishwa na tangi lenye kutu itaziba tena, kwa hiyo weka chujio jipya la petroli kabla ya kurudisha mpira wa mafuta. Dawa za kumimina kwenye tangi zinaweza kusaidia utando mwepesi ambao bado unapitisha mafuta, lakini jeti iliyoziba kabisa haifikiwi na dawa, kwa kuwa hakuna mafuta yanayopita kuibeba.

Ikiwa petroli inadondoka kwenye bomba la kufurikia, au plagi ni nyeusi yenye masizi makavu ingawa chujio la hewa ni safi na choki inafunga, njia ya tatu ndiyo inayogusa chanzo. Ukikosa vifaa vya kupima kimo cha boya, mpelekee fundi kabureta yenyewe ikiwa imetolewa, umweleze matokeo ya kipimo cha choki na mizunguko ya skrubu uliyoihesabu. Maelezo hayo humwokoa na kubahatisha.

Ikiwa ekseli inatikisika au slaidi imelika, usitumie fedha kwenye seti ya vipuri. Tafuta kabureta ya vipimo vya kiwandani, hata kama ni iliyotumika lakini nzima, kabla ya kufikiria nakala mpya.

Ikiwa historia ya pikipiki haijulikani na dalili zinapingana, pima mgandamizo wa silinda kabla ya kununua chochote. Ukiwa chini ya kiwango cha kitabu, dondoshea mafuta ya injini kiasi kidogo kupitia tundu la plagi na upime tena: mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni zimechoka, usipopanda, kagua vali, na kabureta ingoje zamu yake.